Goti la Tunu Lapigwa Eksirei

Hamjambo, wanangu? Haya, shhh! Na wewe unayetafuna, meza kwanza. Umemeza? Sikilizeni.

Tunu alikuwa akicheza rede. Mpira huo! Akaruka, hop! Akaanguka, pu!

Goti likavimba. Likavimba kama andazi.
"Goti langu, uwii! Goti langu, uwii!"

Bibi akaja mbio na chupa ya mafuta ya nazi. "Lete mguu nikukande!"

"Usikande, mama!" akasema mama yake Tunu. "Kama mfupa umevunjika, je? Twende akapigwe eksirei."

"Wakikuta umevunjika?" Tunu akauliza.
"Watakufunga hogo," akajibu mama, "plasta ngumu kama ubao. Mpaka mfupa uunge."
"Sitaki hogo! Nitachezaje rede?"
"Goti langu, uwii! Goti langu, uwii!"

Hospitalini, Tunu akalala juu ya meza. Mzee Mbaruku, mpiga eksirei, akashusha mashine.
"Haiumi, mjukuu wangu. Inatazama mifupa tu. Wewe usitikisike."

Lakini meza ilikuwa baridi. Baridi hiyo! Tunu akacheka, ki-ki-ki! Na mguu ukatikisika, ti-ti-ti!

"Aa, picha itaharibika," akasema Mzee Mbaruku. "Unajua kujificha?"
"Mimi? Hakuna anayenipata!"
"Haya, jifiche hapo hapo. Anayekutafuta yuko mlangoni!"

Tunu akanyamaza. Akatulia tuli. Hata kidole hakikucheza.
Ziii... tik!

Kwa daktari, picha ikawekwa kwenye taa, ikawaka. Mifupa myeupe, myeupe pee!
"Huyo nani?" Tunu akauliza.
"Ni wewe," akasema daktari.
"Mbona sina ngozi?"
"Goti zuri, kama la bibi yake!" akasema bibi.

Daktari akatazama huku. Akatazama kule. Tunu akaziba macho.

"Hakuna ufa. Mfupa mzima!"
"Hamna hogo?"
"Hamna hogo! Weka barafu, upumzike. Utacheza goti likipona."
"Goti langu, oyee! Goti langu, oyee!"

Bibi akainua chupa. "Sasa nikande?"
"Bado, bibi!" akasema daktari.
"Kidogo tu?"
"Bado! Kanda huo mguu mwingine."
Bibi akaukanda kweli. Tunu akacheka, ki-ki-ki!

Jioni marafiki wakachungulia dirishani. "Tunu! Umefungwa hogo?"
"Wapi! Nimeona mifupa yangu, nyie hamjaiona yenu!"
Tunu akaweka mguu juu ya mto. Akalala fofofo.

Lo, maharage yangu yanaungua! Naenda kuyaepua, narudi kuwafunika shuka. Nikute macho yote yamefumba. Na wewe pia, nakuona!