Mashapo Meupe

Mama Eugénie, mwuza uyoga, ndiye aliyemkuta mzee Séraphin asubuhi, amekufa kitini jikoni mwake, kikombe kimeangukia miguuni. Mtaa ule wa Likasi ulikuwa mtupu. Mwaka huo wa 1993 treni zilikuwa zimewabeba majirani wengi wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa warudi kwao, pamoja na mke wa Séraphin na watoto wake. Yeye alikataa kupanda.

Inspekta Floribert alipofika, wachache waliosalia walikwisha kuhukumu: mama yule amemlisha mzee uyoga wa sumu.

“Hapana, shefu,” alisema Eugénie, akionyesha fungu lake la uyoga. “Hii bowa hata minye nakulaka. Alikuwa anakunywa maji yake juu ya tansio ya damu. Jana magaribi docta Hervé alikuya kumupima, minye nikarudia kwangu.”

Floribert alikagua jiko polepole. Tangu mkewe Bibiane apande mojawapo ya treni zile, hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Uyoga wa sumu humtapisha mtu kabla ya kumuua, lakini sakafu ilikuwa safi na nguo za mzee kavu. Akachuja maji ya uyoga yaliyobaki jikoni. Chini ya sufuria kulikuwa na mashapo meupe kama chokaa. Akamwambia Eugénie achemshe uyoga wa fungu lile lile. Haukuacha weupe wowote, na mama akayanywa maji hayo mbele ya inspekta.

Hervé, muuguzi wa zahanati ambaye mtaa ulimwita daktari, alijibu kwa upole, amesimama kando ya kabati la dawa. Alikiri kwamba tangu mzee aanze maji ya uyoga, presha yake ilikuwa ikishuka. Vidonge vya presha hakumpa. Viliisha zamani, na ufunguo wa kabati umepotea.

Floribert alinyoosha mkono, akauvuta ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwa Hervé. Ndani ya kabati mlikuwa na chupa ya vidonge vya presha, dawa ambayo ikizidi huua, nusu ya chupa imetumika, na kinu kidogo chenye unga mweupe.

“Ulimusagia ngapi?”

Hervé aliketi.

“Bale balifukuza bantu baliniambia nyumba ya muzee ni yangu, akiisha kuenda. Akakatala kuenda. Nikasema basi, tansio itamumaliza.” Akainamisha kichwa. “Na bowa ikaanza kumuponyesha.”

Jioni Floribert alirudi kufunga nyumba ya marehemu. Alisimama barabarani na ufunguo wa nyumba mkononi, akatazama juu, akatazama chini. Hapakuwa na mtu wa kumkabidhi.