Mkono Ulioachwa Chini

Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa mwezi wa sita, saa kumi alasiri, treni ya mwisho ilipopita kwenye ile stesheni ndogo, na mkono wa chuma wa ishara juu ya mlingoti ukaachwa chini.

Mkono ukiwa chini, njia iko wazi. Treni ikishapita, mkono hupandishwa, njia ikafungwa. Mshika ishara alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Lakini siku ile mabosi wa reli, waliokuja kuifunga stesheni, walikuwa na haraka. Waling'oa wenzo wa kuuendeshea mkono wakaupakia garini, na waya unaouvuta mkono chini wakaukaza kwa nati.

"Niacheni niupandishe mkono kwanza," aliwasihi. "Njia haiachwi wazi."

"Mzee, treni gani tena ipite hapa? Ya marehemu bibi yako?"

Wakacheka. Kicheko kile kilimla moyo mpaka akafariki, na mjane wake akabaki kwenye nyumba ya stesheni.

Alasiri moja, sufuria ilitetemeka jikoni bila moto. Ikafuata harufu ya makaa ya mawe, ilhali treni zote za mwisho zilikuwa za dizeli. Breki zikalia nje, na relini hakukuwa na kitu. Kisha nyayo zikashuka.

Sheikh akaitwa, akasoma, zikaondoka. Kesho yake zikashuka nyingine.

"Mama, ni majini," alisema sheikh akijifuta jasho. "Mimi natoa, wao wanaletwa. Njia yao iko wazi; upandisheni mkono ule."

Mjane akaenda ofisi ya reli kuomba ruhusa. Karani akamwambia aje kesho. Kesho, bosi hayupo. Keshokutwa, bosi yuko kikaoni. Mwisho akaambiwa, "Ile ni mali ya reli. Ukigusa, unahama." Naye hakuwa na pengine pa kwenda. Akarudi kwa miguu.

Jioni ile nyayo zilipita ukumbi wa abiria, zikapita dirisha la tiketi, zikaingia korido ya nyumba yake, zikasimama nje ya chumba alichofia mumewe, na kitasa kikazungushwa polepole, kikaachwa, kikazungushwa tena, kama anayejaribu hana haraka yoyote duniani.

"Shemeji," mjane alimnong'oneza mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea, "ukate ule waya."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani, shemeji? Humu wageni ni sisi."

Asubuhi fundi akakata. Mkono ukapanda wenyewe, kwa mlio ambao mjane hakuwa ameusikia tangu mumewe aache kazi. Akalia. Alasiri ikafika, sufuria ikatulia. Hakuna makaa, hakuna breki.

"Si unaona," fundi akacheka. "Hata majini wanaogopa msumeno."

Hakumaliza kucheka. Kioo cha dirisha la tiketi kiligongwa kwa kucha, taratibu, kutoka ndani, na sauti nyingi zikauliza kwa mnong'ono mmoja:

"Ya kurudi inapita saa ngapi?"

Walikuwa wamefunga njia bila kumwita sheikh awatoe kwanza waliokwisha kushuka.

Mjane aliinua mikono, macho kayafumba.

"Ee Mola, mrehemu mume wangu. Lipanue kaburi lake, mfungulie njia aende moja kwa moja kwako. Usimwache miongoni mwa hawa wanaongoja. Amina."