Hope na Mishumaa Tisa ya Hanuka

Wee, sikia mambo ya Adhis wa Kawangware 46, hapa Nairobi!

Adhis anauza nguo za watoto Soko la Toi. Anatoka asubuhi, anarudi saa kumi na mbili jioni. Anaishi na binti yake Hope, wa miaka minane. Ni wawili tu. Shule zikifungwa Desemba, Hope anashinda nyumbani na TV. Jirani wa mlango wa pili, Mama Joan, humchungulia mara moja moja.

Sasa Jumanne moja, saa tisa mchana, simu ya Adhis ikalia. Ni Mama Joan. Alikuwa anampimia mtoto wa mteja sweta.

"Mama Hope, kuja nyumbani. Hope ako sawa. Lakini kuja."

Ni hiyo "ako sawa" ilimmaliza. Mtu akikwambia mtoto ako sawa kabla hujauliza, jua kuna kitu. Adhis alimwacha mtoto wa mteja na sweta shingoni.

Nyumba ilinuka moshi. Kitambaa cha kochi, kile mama yake Adhis alifuma kwa mkono, kilikuwa kimeungua nusu. Sakafu ilijaa maji. Hope alikuwa amejibanza nyuma ya Mama Joan. Kwenye mkono wa kochi palikuwa na kifuniko cha mkebe wa mafuta. Juu yake, mishumaa tisa ilikuwa imeyeyuka.

"Niliona moshi dirishani," Mama Joan alisema. "Nikamtoa mtoto kwanza. Nikazima stima. Halafu ndiyo nikamwaga maji."

"Mishumaa tisa!" Adhis alipiga kelele. "Hope, stima haikuwa imepotea. Tisa ya nini?"

"Ya Hanuka," Hope alisema polepole.

"Ya nani?"

"Hanuka, Mama. Yule mbuzi wa TV alituonyesha."

"Mbuzi! Sisi ni watu wa kanisa, na wewe unawashia mbuzi mishumaa mchana? Imeisha. TV nauza. Na Jumamosi unaenda shagz, kijijini Siaya, kwa dani, nyanya yako. Utasomea huko."

Hope hakulia. Alichukua begi, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Adhis aliona, akatoka nje haraka.

Mama Joan alimkalisha kwake, akamwekea chai. Huyu mama alipikia familia moja ya Wayahudi kule Lavington miaka kumi. Siku hizi analea watoto wa majirani mchana, nyumbani kwake.

"Sikiza, Mama Hope. Hanuka ni sikukuu ya Wayahudi. Zamani sana mfalme mmoja aliwakataza kumwomba Mungu wao. Akachafua hekalu lao. Wakapigana, wakalichukua tena. Walipotaka kuwasha taa ya hekalu, walipata mafuta ya siku moja tu. Wanasema taa iliwaka siku nane."

"Nane. Na za Hope ni tisa."

"Mmoja ni wa kuwashia wengine. Jioni ya kwanza unawasha mmoja, ya pili wawili, hivyo hivyo mpaka nane. Huyu wako amemaliza sikukuu yote saa tisa mchana."

Adhis alitaka kucheka. Akajizuia.

"Na kanisa je?"

"Kwani Yesu alikuwa kabila gani? Si alikuwa Myahudi? Kujua sikukuu ya mwenzako si kuhama kanisa. Mimi nimewakaangia viazi vyao miaka kumi, na bado niko kwaya."

"Lakini TV imefundisha mtoto kuchoma nyumba!"

"Hicho kipindi kilikuwa jana jioni. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Napika. Naongea na simu."

"Ulisikia nini?"

Adhis akaangalia chai yake.

"Mtoto akiangalia peke yake anashika nusu," Mama Joan alisema. "Kaa naye. Muulize: hapo wamefanya nini? Wamefanya kwa nini? Sisi tungefanyaje? Kibiriti na mishumaa weka juu, mahali hafiki. Na mchana ashinde hapa kwangu."

Kaa naye. Aki, maneno mawili tu, na mawazo ya Adhis yakarudi Kibera, mtaa wa Kisumu Ndogo, miaka ya utoto wake. Baba yake, Mzee Obonyo, ndiye alikuwa na TV kwa ploti yote. Ndogo, haina rangi, inakula betri ya gari. Jioni watoto walikaa chini kwa gunia, wakubwa nyuma. Mzee Ogola, fundi wa viatu, alieleza kila kitu, hata kile hakujua. Mama Akeyo aligombana na watu wa ndani ya TV. "Wewe msichana, usifungue huo mlango!" Ukitoka hapo umeelewa hadithi mara tatu. Siku hizi kila nyumba ina TV yake, na kila mlango umefungwa.

Jumatano jioni, saa kumi na mbili na nusu, Adhis alizima simu. Akakaa kwa mkeka na Hope.

Kipindi cha Jumatatu kilirudiwa. Mbuzi wa kitambaa, mwenye pembe moja, akatokea akitaka kula mishumaa. Bibi yake, mzaa mama, akamvuta mkia. Wakazungusha pia ya pande nne, mchezo wa Hanuka. Mwisho bibi akasema, "Moto ni wa mtu mzima. Kwato mfukoni!" Mbuzi akaficha kwato.

"Juzi sikuona hapo," Hope alisema akiangalia chini. "Nilikuwa nimeenda kutafuta kibiriti."

"Na sisi tungefanyaje, bila moto?" Adhis aliuliza.

Hope alifikiria. Alileta vifuniko tisa vya soda na karatasi ya manjano. Wakakata miali ya karatasi, mmoja kwa kila jioni na mmoja wa kuwashia. Wakatengeneza pia kwa boksi na kijiti, wakacheza wakishindania maharagwe. Adhis mwenyewe alikaanga viazi. Harufu ilipotoka nje, watoto wa ploti wakaja. Alhamisi wakaja na mama zao. Ijumaa nyumba ilijaa mpaka mlango ukaachwa wazi, na Shivachi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anamkemea mbuzi, "Wewe! Wachia bibi viazi vyake!"

Adhis alisimama mlangoni, machozi yakamlengalenga. Akapigia mama yake Siaya.

"Mama, kesho simleti Hope. Tutakuja Krismasi, sisi wawili. Na tutarudi sisi wawili."

"Kwani mambo imebadilika?"

"Mimi ndiye nimebadilika, Mama."

Alipogeuka, alikuta Hope amesikia yote. Alisukuma watoto wenzake kidogo, akaacha nafasi kwa mkeka.

"Mama, kaa hapa. Mbuzi anauliza swali."