Harufu Ndani ya Gari Jeupe

Kila siku akitoka shule, Pilipili alivua sare, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akaketi kando ya cherehani kukunja mapazia. Mama yake alikuwa mshonaji wa mapazia, na doa dogo tu lilitosha kumkosesha usingizi. Pilipili halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya maswali yake, ambayo yaliwawasha watu wazima.

Wiki tatu nyuma, mama alikuwa amenunua gari jeupe lililotumika, ili apeleke mapazia kwa wateja bila kuyabeba kichwani. Siku ile kwenye yadi ya kuuzia magari, muuzaji mwenye viatu vinavyong'aa aliwafungulia mlango, na manukato yakawapiga usoni.

"Mjomba, mbona linanukia hivi?" aliuliza Pilipili.

"Gari safi hunukia, binti yangu."

"Limewahi kuingia maji?"

"Hili? Hata dimbwi halilijui!" Muuzaji alicheka.

Mama hakucheka. "Basi yaandike maneno hayo kwenye risiti, kaka yangu."

Kalamu ilisita kidogo. Pilipili aliona. Hata hivyo muuzaji aliandika kwamba gari halijawahi kuingia maji, akatia sahihi.

Wiki ya pili manukato yaliisha, ikazuka harufu ya tambara bichi lililosahauliwa ndooni. Kisha honi ikaanza kulia yenyewe kila mama alipokata kona ya kulia. Watu barabarani walipunga mkono wakidhani wanasalimiwa, na mama, kwa aibu, aliwapungia pia.

Mchezo uliisha siku mteja mmoja aliporudisha mapazia yake yote. "Shoga, yananuka ukungu," alisema, akiyaweka mlangoni. "Nitayatundikaje sebuleni?"

Mteja alipoondoka, mama alimgeukia binti yake. "Nani amemwaga maji ndani ya gari?"

"Sijui, mama."

Alijua vizuri sana. Mwanzoni mwa wiki ile ya pili, alipokuwa akiliosha gari, aliweka ndoo juu ya kiti cha nyuma, nayo ikapinduka. Alifuta kwa vipande vya vitambaa, akafunga mlango, akafunga na mdomo.

Basi mama akaanza kumshuku kila mtu. Aliwashuku watoto wa jirani waliopenda kucheza karibu na gari, akawafokea mpaka mdogo wao akalia. Pilipili alisikia kilio kile akiwa nyuma ya pazia. Yeye alimshuku muuzaji, lakini zaidi alijishuku mwenyewe. Je, kama kweli ni ile ndoo?

Kesho yake walirudi yadini.

"Mama, wiki tatu ni nyingi," alisema muuzaji. "Gari lililotumika ukishalinunua, umelinunua na maradhi yake. Halafu nani ajuaye mmelimwagia nini huko nyumbani?" Alimtupia Pilipili jicho. Pilipili akatazama chini. "Lakini mimi si mtu mbaya. Liacheni hapa, vijana wangu watalitengeneza bure. Na risiti niachie, nikuandikie nyingine."

Mama alikwisha kufungua mkoba Pilipili alipomfinya mkono. Kwa nini mtu huyu anaitaka sana ile karatasi? Mama alimtazama binti yake, akamtazama muuzaji, akaufunga mkoba.

"Nitarudi," alisema.

Walikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kutetea haki za wanunuzi. Afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliisoma risiti mara mbili, akatoa nakala.

"Hii halisi usimpe mtu," alionya. "Na gari lisifunguliwe na fundi yeyote kabla ya kukaguliwa. Kitu kuwa kimetumika hakumpi muuzaji ruhusa ya kuficha kasoro anayoijua."

Siku ya ukaguzi, wote walikutana asubuhi kwenye karakana ya fundi aliyeteuliwa na ofisi. Muuzaji alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama mbali na mafuta yaliyomwagika sakafuni. Afisa alifungua daftari.

"Tangu mlinunue, kuna maji yoyote yamemwagika ndani?"

"Hakuna," alijibu mama bila kusita, kwani tangu muuzaji aitake ile risiti hakumshuku mtu mwingine tena.

Kalamu ya afisa iligusa karatasi. Pilipili alihisi ulimi umekuwa mzito kama pasi. Akisema, huenda mama akapoteza gari na haki yake. Asiposema, mama yake, ambaye hakuwa mwongo, angekuwa ameandikisha uongo.

"Yapo," alisema. "Ni mimi. Nilipindua ndoo."

Muuzaji alipiga makofi. "Mmesikia! Si nilisema?"

Mama alimtazama tu, na Pilipili akaona heri angemfokea.

"Ndoo kubwa kiasi gani?" aliuliza fundi kwa utulivu.

"Ndogo. Ilikuwa na maji nusu. Yalimwagikia kiti cha nyuma, kushoto."

Fundi aliingia mbele, upande wa dereva. Aliuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho; kipande cha ndani kabisa kilikuwa na alama ya matope. Akabandua kifuniko chini ya usukani. Nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na katikati yake kulikuwa na majani makavu na tope lililoganda.

"Nusu ndoo haipandi hadi hapa," alisema fundi, "wala haileti matope. Na kutu hii ni ya miezi mingi. Gari hili lilizama kwenye mafuriko kabla huyu mama hajaliona."

Muuzaji alijifuta jasho. "Hata mimi niliuziwa hivihivi..."

"Aliyekuuzia utamdai wewe," alisema afisa. "Huyu mama ulimwandikia kwamba halijawahi kuingia maji."

Kabla wiki haijaisha, muuzaji alilichukua gari lake na kurudisha fedha zote, pamoja na fidia ya mapazia yaliyoharibika.

Lakini siku ileile ya ukaguzi, mama alimpeleka Pilipili kwa jirani kwanza. Mbele ya wale watoto, Pilipili alieleza kilichotokea na kuomba radhi. Mama naye akaomba radhi kwa kuwafokea.

Njiani kurudi nyumbani, Pilipili aliuliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Sana," alisema mama, akimshika mkono. "Fundi angeukuta ule unyevu wa nyuma na sisi tumekana, nani angetuamini tena? Kudai ukweli ni haki yetu, mwanangu, lakini mdomo unaoudai lazima nao uuseme. Siku nyingine ukimwaga kitu, niambie kabla sijamfokea mtoto wa mtu."