Darasa Lisilo na Mashine

Kituo cha mabasi cha Bukoba kilifurika asubuhi ile ya mwaka 1974. Mtu akampiga Kokushubila kikumbo, kasha lake likamwaga kadi chini. Kijana mrefu, suti yake ya Kaunda imenyooshwa kwa pasi, akainama kuziokota.

"Ndugu, kadi zako zimeliwa na panya?"

"Matundu hayo ndiyo lugha ya kompyuta," akajibu, akikung'uta kitenge chake. "Nimejifunza Dar. Sasa nafundisha makarani hapa, wanaoanza kabisa."

"Basi niandikishe nami. Ishengoma, mwalimu wa hesabu, Muleba."

Akawa anakuja kila Jumamosi darasani Kahororo. Mashine ilikuwa bado ahadi tu, hivyo Kokushubila aliwafanya wanafunzi wawe mashine. Ishengoma alipoamriwa, "Chukua ebitoke, weka chunguni," aliziweka ndizi na maganda yake. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mnaona? Mashine haikisii. Hufanya ulichoiambia tu."

Walipotoka, Ishengoma akamnong'oneza, "Basi niambie nikupende."

"Kwani unangoja amri?"

Tangu siku hiyo wakawa wanatembea pamoja njia ya Maruku, kahawa zikinukia kwa maua.

Kisha ikaja habari kwamba serikali imezuia kompyuta kuingizwa nchini. Darasa likafungwa, Kokushubila akaitwa na waajiri wake arudi Dar. Ishengoma naye akaacha kuja ghafla, bila neno. Kokushubila alilia, akanawa uso, akaenda posta kupiga simu shuleni Muleba.

"Mbona umenitupa?"

"Clavery, yule karani wa darasani kwako, kaniambia unahama. Sikutaka kukuzuia."

"Ungeniuliza mwenyewe, Ishengoma! Nimewakatalia. Nabaki."

Simu ikakoroma kidogo.

"Utabaki kufanya nini, mpenzi? Mashine haiji."

"Itakuja siku moja, na nataka iwakute watu wanaojua kuiamrisha. Nitafutie chumba hapo Muleba, na chaki."

"Na huyu wa kukutafutia chumba, je?"

"Aje kwetu Kanazi azungumze na baba. Ajue kabisa, nitafundisha hata nikiolewa."

"Waitu, mpenzi wangu, Jumapili nitakuja na wazee wangu."

Arusi ilifungwa baada ya mavuno ya kahawa. Juma lililofuata, Kokushubila, nywele zimesukwa upya, alisimama Muleba mbele ya wakulima, walimu na akina mama wenye watoto mgongoni. Mumewe alikaa nyuma kabisa.

"Nani amewahi kuona kompyuta?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Vizuri," akasema, akashika chaki. "Tuanze."