Nani Yuko Ndani?

Mimi siwezi kutulia mahali. Mke wangu anasema nyayo zangu zina upupu. Nikisafiri kikazi, kitu cha kwanza ninachouliza si chakula wala maji ya moto ya kuoga. Nauliza, hapa mtu anaweza kutembea wapi?

Kazi ndiyo imenifanya hivyo. Mimi ni fundi wa lifti. Kutwa nzima niko kwenye shimo la zege, grisi mpaka kwenye nyusi, na mbingu yangu ni sakafu ya lifti inayoning'inia juu ya kichwa. Jioni ikifika nataka hewa. Nataka miti, na njia isiyo na ukuta.

Safari moja tulitumwa mimi na shemeji, kaka wa mke wangu na fundi mwenzangu, kwenda kutengeneza lifti ya hospitali katika mji tusioujua. Lifti ilikuwa imekufa kabisa. Wagonjwa walipandishwa ngazi kwa machela, wauguzi wakihema kama wamekimbizwa. Kwa hiyo kazini hakukuwa na mchezo. Lakini tukirudi nyumba ya wageni, shemeji anajitupa kitandani, anawasha televisheni, basi, hana habari na mtu.

"Twende tukanyooshe miguu," nilimwambia.

"Yangu imenyooka tayari. Hebu itazame," akajibu, akaisukuma mpaka ikatokeza nje ya kitanda.

Nikatoka peke yangu. Jioni ya kwanza nilifuata barabara kuu, nikala vumbi na moshi wa malori. Jioni iliyofuata nikajaribu kandokando ya reli, mbwa wakanirudisha mbio. Nilirudi nimenuna, nikaenda kumlalamikia dada wa mapokezi kwamba mji wao hauna hata mahali pa mtu kuvuta pumzi.

"Kaka, si uende bustani ya tangi?" akasema. "Iko nyuma ya hospitali hapo. Tangi lenyewe ni la maji, la zamani, liko chini ya ardhi. Juu wamepanda nyasi na miti. Pazuri, utapapenda. Ila nenda mapema, utoke kabla giza halijaingia."

"Kuna vibaka?"

Alitazama mlangoni kwanza. Kisha akainamia meza.

"Hapana. Ukiitwa tu, usiitike. Hata ukisikia jina lako."

Nikacheka. Mji mzima hakuna anayenijua zaidi ya shemeji, na yule haamki kitandani. Nani aniite?

Kesho yake tulimaliza kazi mapema kidogo, nikaenda moja kwa moja na ovaroli yangu. Jamani, palikuwa pazuri! Unaingia kwa lango la chuma, unakuta njia ya changarawe inazunguka bustani nzima, miti mikubwa huku na huku, nyasi zimekatwa vizuri. Upepo unapita. Nilitembea nikasahau mgongo unaouma. Nikazunguka tena. Nikasema moyoni, huyu dada Mungu ambariki, kumbe starehe yote iko hapa na mimi nilikuwa nagombana na mbwa.

Sikuona watu wakipungua.

Nilipokuja kushtuka, niko peke yangu katikati ya bustani, karibu na mfuniko mkubwa wa chuma uliolala kwenye nyasi. Mdomo wa tangi. Ndege walikuwa wamenyamaza. Jua lilikuwa limeshazama na miti ilianza kuwa myeusi. Nikasikia harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Na maji... tone... tone...

Nikageuka kutafuta lango.

"Nani yuko ndani?"

"Nipo!" nikaitika.

Lilinitoka tu. Sikufikiri hata kidogo, na hapo lazima nieleze jambo la kazi yetu, maana mtu mwingine angenyamaza. Fundi aliye juu, kwenye chumba cha mashine, hawashi umeme kabla hajaita: nani yuko ndani? Na aliye shimoni ni lazima aitike hapohapo, nipo! Ukichelewa, lifti inakushukia. Redio za mkononi hazishiki mle, kwa hiyo tunapiga kelele, na sauti ndiyo roho yako. Nimeitika hivyo miaka mingi sana. Mke wangu akiniita niko bafuni, naitika hivyohivyo.

Nilikuwa nimejiandaa kutoitikia jina langu. Kumbe sikuitwa jina.

Na sauti ile ilitoka juu. Nilikuwa nje, nina mbingu kichwani, hakuna jengo, hakuna mtu mtini. Lakini ilitoka juu, jinsi ninavyomsikia shemeji nikiwa shimoni.

Nikasimama. Nywele zimenisimama pia.

Halafu, chini ya mfuniko, mtu akasema taratibu:

"Nipo."

Ilikuwa sauti yangu.

Sikutembea kutoka pale. Nilikimbia, mzee mzima na tumbo langu, changarawe zikiruka nyuma. Shemeji aliponiona nahema alizima televisheni, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu.

"Mwangwi huo," akasema nilipomsimulia. "Tangi tupu, sauti inarudi. Fundi mzima unatishwa na mwangwi? Nitamwambia dada yangu ameolewa na mtoto."

Nilitaka sana iwe mwangwi. Lakini mwangwi haungoji. Na yule aliyeniita mwanzo, alikuwa nani?

Asubuhi nilishuka shimoni, chini kabisa, kubadilisha swichi ya kusimamisha lifti. Swichi hiyo ndiyo inayomlinda fundi aliye chini. Nilikuwa nimeifungua, nyaya ziko mkononi, kwa hiyo kilichobaki kunilinda ni sauti tu. Shemeji alikuwa juu. Lifti ilikuwa imesimama ghorofa ya kati.

Nikasikia harufu ile ya udongo.

Kwenye shimo la zege, udongo unatoka wapi?

"Nani yuko ndani?" shemeji akaita.

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mtu akajibu juu yangu, kwa sauti yangu, na mikato yangu yote ya kusema.

"Nimetoka, shemeji! Washa!"

"Nipo!" nikapiga kelele. "Nipo! Nipo chini! Usiwashe!"

Mota ikanguruma.

Kamba zikaanza kutembea. Nilitazama juu nikaona sakafu ya lifti inakuja, bila haraka, inaziba mwanga kidogo kidogo. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika. Kisha nikajilaza chini pembeni, shavu kwenye mafuta na maji machafu, nikamtaja Mungu, nikamtaja mke wangu. Lifti ilikaa kwa kishindo juu ya springi zilizo sakafuni mwa shimo. Chuma kiligusa mgongo wa ovaroli yangu, kikasimama hapo.

Nililia, sioni haya kusema.

Waliponitoa, shemeji alinikamata mabega kwa mikono miwili.

"Uliniambia umetoka," akasema. "Nimekusikia kwa masikio yangu. Umeniita shemeji."

"Sikuwa mimi."

Akanitazama. Hakutaja tena mwangwi.

Tulimfuata dada wa mapokezi, na shemeji ndiye aliyesema, akimkemea kwa nini alinipeleka pale. Dada aliposikia kwamba niliitika akaweka mkono mdomoni.

"Nilikuambia, kaka. Nilikuambia usiitike." Akavuta kiti karibu. "Mama alitusimulia. Walipokuwa wanachimba lile tangi, udongo uliporomoka, ukawafunika wachimbaji. Msimamizi wao akawa anasimama juu, anaita nani yuko ndani, wale wa chini wanaitika, watu wanachimba wakifuata sauti. Hawakuwafikia. Msimamizi hakukubali. Aliendelea kuita mpaka akafa, na wanasema bado anaita. Ukiitika... basi wewe ni mmoja wa walio ndani."

"Sasa anatokaje?" shemeji akauliza.

"Mama alisema anatolewa na mtu wake. Aende jua likizama, amwite, akiitika amshike mkono, watoke bila kugeuka nyuma. Yule anayetolewa abaki langoni, asikanyage mle. Lakini sijui, kaka. Sijawahi kuona mtu aliyetolewa."

Nilidhani shemeji atacheka. Alinyanyuka kutafuta viatu vyake. Mtu ambaye hakutaka kunyoosha miguu hata nje ya kitanda!

"Nilikuwa nikuue leo," akasema. "Ningemwambia nini dada yangu? Twende."

Jioni ile watu wa mwisho walikuwa wanatoka bustanini, mama na kigari cha mtoto, wazee wawili na bakora zao, wanasalimia kwa furaha. Wamemaliza matembezi yao, wanarudi nyumbani kupumzika. Niliwaonea wivu mpaka roho ikauma. Shemeji akaniacha langoni, nje, akaniambia nishike nondo za lango nisiziachie. Akaingia.

Nilimwona akitembea kwenye nyasi, mgongo wake ukizidi kufifia. Akafika kwenye mfuniko. Akasimama.

Ndege wakanyamaza.

"Nani yuko ndani?" akaita. Sauti yake ilikuwa inapasuka.

"Nipo!" ikasema sauti yangu kutoka chini ya ardhi.

"Nipo!" nikasema na mimi, langoni. Lilinitoka tu. Mungu wangu, lilinitoka tena!

Shemeji akageuka kutazama lango. Kisha akatazama mfuniko.

"Shemeji," ikasema ile ya chini, "nitoe. Kuna baridi huku."

"Shemeji, mimi niko hapa!" nikapiga kelele. "Usifungue! Njoo!"

"Usimsikilize huyo. Anataka uniache."

"Mimi ndiye! Njoo uone uso wangu!"

"Mwulize kama ana uso."

Giza lilikuwa limefika. Sikumwona tena vizuri. Nilisikia chuma kikikwaruza, au labda ni nondo nilizokuwa nazitikisa. Nilisikia shemeji analia na kusema kitu, sikukishika. Harufu ya udongo ikanijaa puani.

Halafu mkono ukanishika.

Ulikuwa mkono wake, najua makovu yake. Akanivuta, tukaenda, hatukugeuka. Barabarani kwenye taa alinitazama usoni kwa muda mrefu sana, akanigusa shavu, akatazama viganja vyake.

Lifti tuliimaliza. Ilipanda na kushuka vizuri, wauguzi wakatupigia makofi. Hakuna sauti iliyotusumbua tena. Tukarudi nyumbani, mke wangu akanipokea, akasema nimekonda, nimekuwa baridi, nile.

Shemeji ameomba kubadilishiwa fundi wa kufanya naye kazi. Haji kwetu. Zamani hakuwa anapitisha wiki bila kuja kumtania dada yake na kumaliza mboga. Sasa akinipigia simu, ananiuliza vitu vya ajabu: harusini nilivaa viatu rangi gani, baba yao aliniambia nini siku ya posa. Namjibu vyote. Anashukuru, anakata.

Juzi mke wangu alikaa karibu yangu, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Kaka ana maneno," akasema bila kunitazama. "Anataka nikuulize. Anasema yeye mwenyewe hakumbuki vizuri, giza lilikuwa limeingia, sauti zote mbili zilikuwa zako. Anasema usiku halali. Ule mkono alioushika... ulikuwa langoni?"

"Langoni," nikamjibu. "Ningekuwa wapi tena?"

Nilijibu upesi, akapumua, akaenda jikoni. Na kweli nakumbuka lango. Nakumbuka baridi ya nondo mikononi, nakumbuka nilivyomwita. Ila pale langoni ni tambarare, hakuna ngazi, hakuna kilima, mtu anayekushika mkono anakuvuta mbele.

Mimi nakumbuka alinivuta juu.