Msumari Kaitika

Nilikuwepo, kwa macho yangu haya mawili, mimi ndiye niliyeshika taa. Anayebisha akamuulize fundi sauti, kama siku hizi anaongea na watu.

Tulikuwa tunapiga filamu ya maisha ya Msumari, yule mpiga gitaa la roki aliyefia bafuni kwa pombe na vidonge. Tulikodi nyumba ileile. Mwongozaji akatoa amri: mwigizaji wetu asiitwe jina lake mpaka kazi iishe. Aitwe Msumari, hata akiwa anakula.

"Msumari, chai!"

"Msumari, nywele hizo umeazima kwa mbuzi gani?"

Tulicheka. Halafu akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Marehemu alikuwa wa kushoto. Mwigizaji alikuwa wa kulia.

Mkewe, aliyekuwa akimpaka vipodozi, akaninong'oneza, "Shemeji, jana kaniuliza mimi ni nani."

"Anaigiza, shemeji."

"Kitandani?"

Nikajifanya narekebisha taa.

Siku ya kupiga picha bafuni, mchana kweupe, taa zangu zilififia, harufu ya waya unaoungua ikatanda, beseni lililokatiwa maji likaanza kujaa lenyewe, gitaa lililoegemezwa ukutani likalia bila kuguswa, na fundi sauti akavua hedifoni taratibu, akamnyooshea yule mke, akamwambia, "Dada, mumeo yumo humu ndani. Anauliza mlango uko wapi."

Wanaume wakatimka. Nilibaki mimi.

Akaletwa mganga, mama mkavu kama ukuni. Akamtazama mwigizaji aliyekaa akitabasamu.

"Huyu si marehemu. Ni jini lililokuwa likimnywesha marehemu. Mmeliita kutwa, likafanya adabu, likaitika." Akamgeukia mke. "Mwite mumeo kwa jina lake. Mara moja tu, mwanangu. Asipogeuka, nyamaza, tutafute njia nyingine. Ukirudia, jini litajifunza kuitikia na hilo."

Mke akaita. Mume akageuka, akalia, akamkumbatia. Wakaenda kwao, na wanaishi hadi leo.

Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Kimoja tu nimekitunga, kwa huruma, maana shemeji alinishika mkono akaniomba nisiseme. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza hakugeuka.

Aligeuka alipoitwa mara ya pili.